Pumzi Alizofuta Mwalimu wa Kwaya

Habari ilinikuta Kangemi, mbele ya meza ya mama mboga. Alikuwa ameshika kisu mkono mmoja na fungu la sukuma wiki mkono wa pili, akiniuliza, "Nikukatie ama utajikatia nyumbani?" Simu ikatikisika mfukoni. Katika kundi la kwaya yetu mtu alikuwa ameandika maneno mawili tu: Mwalimu ametutoka. Chini yake hapakuwa na kitu. Watu wetu kwa kawaida hawakawii kuandika pole. Hata mtu akiugua jino, pole zinamiminika mpaka simu inakuwa moto. Siku hiyo ukimya ulikaa muda mrefu, kana kwamba sote tulikuwa tumesimama kwenye mistari yetu, vitabu mkononi, tukimsubiri mwenyewe ainue mkono ndipo tuanze. "Baba, nikate ama nisikate?" mama mboga akauliza tena. Nikamwambia akate. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba nimeiacha sukuma palepale mezani pake.

Nyinyi mnaosoma safu hii mnajua shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msitarajie nimweleze kwa maneno ya wataalamu wa muziki. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Muthangari, nami nilikuwa mmoja wa wanaume wake wa sauti ya nne, wale wa besi, tunaonguruma huko chini kama lori linalokataa kuwaka. Sikuwa rafiki yake. Nilikuwa besi wake, na kwake hilo lilikuwa jambo zito kuliko urafiki. Alizaliwa upande wa Vihiga, akaletwa Nairobi akiwa mtoto, na huko shuleni mtu mmoja akamkalisha mbele ya piano. Tangu siku hiyo hakuinuka tena. Alisomea muziki wa kizungu, ule wa kuandikwa kwenye mistari mitano, akafanya mitihani ambayo karatasi zake zilipelekwa ng'ambo kusahihishwa. Alipata riziki kwa kufundisha piano na vayolini watoto wa Loresho na wa Muthangari, nyumba hadi nyumba, na mkoba wake wa ngozi begani. Kwake palikuwa Parklands, kwenye fleti iliyo nyuma ya hekalu la Wahindi, na aliwahi kuniambia kwamba mlio wa kengele ya hekalu lile uko karibu sana na nota ya fa, lakini umeshuka kidogo, na kwamba kila asubuhi mlio huo humuuma kama jiwe ndani ya kiatu.

Alikuwa mkali. Aliwahi kumtoa machozi binti mmoja wa soprano kwa sababu ya nota moja tu, na sikumsikia akiomba radhi. Sifa alizitoa kama mtu anayetoa damu. Na kati ya makosa yote ya waimbaji, moja lilimchukiza kupita mengine: kusikika ukivuta pumzi. "Pumzi ni ya mwimbaji, si ya msikilizaji," alisema. "Mnavuta kama pampu ya baiskeli. Watu wamekuja kusikia wimbo, hawakuja kusikia mapafu." Alitufundisha kufungua koo bila sauti, kuiba hewa katikati ya neno wakati jirani yako anaendelea, mpaka tukawa wezi hodari. Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye alikuwa mkewe. Aliimba sauti ya pili, mstari wa mbele, na alikuwa na pumu. Kila mara kabla ya kuingia, kifua chake kilitoa mlio mdogo, kama mlango unaofunguliwa pole pole na mtu asiyetaka kuamsha wengine. Mwalimu alisimamisha mazoezi, akatazama dari. "Kuna mtu hapa kwa alto anapanda mlima." Naye mama, bila kuinua macho kwenye kitabu, alimjibu, "Nikiacha kuvuta, wewe utapikiwa na nani?" Tulicheka, na yeye alitungoja tumalize kucheka, uso umekauka, kisha akaendelea. Maneno hayo tuliyasikia mara nyingi hata yakawa kama sehemu ya wimbo.

Jambo jingine lazima niliseme hapa, maana ndilo nitakalorudia mwisho. Mwalimu hakuwa mtu wa kutuhesabia moja, mbili, tatu. Aliinua mkono, akatutazama, akavuta hewa kwa pua, ndefu na ya taratibu, nasi tukavuta naye na kuingia. Hewa ile ilisikika. Sisi wa nyuma tuliisikia, na wa mbele waliisikia zaidi. Mtu aliyetukataza pumzi alikuwa na yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mama huyo alifariki msimu wa baridi, Nairobi ikiwa imefunikwa na wingu lile linalokataa kuondoka. Mwalimu alirudi mazoezini mapema kuliko tulivyotarajia, akasimama mahali pake, akafundisha kama kawaida. Jambo moja tu lilibadilika: alisimamisha wimbo mahali ambapo hatukuwa tumekosea. Aliinamisha kichwa upande wa alto, kisha akasema tuendelee. Ndipo akaanza kuulizia rekodi. Miaka iliyotangulia, tenori mmoja alikuwa ameturekodi ukumbini tukiimba wimbo ambao Mwalimu mwenyewe aliutunga, ule tunaofungia ibada. Ilikuwa rekodi chafu. Mvua ilinyesha juu ya mabati, viti vya plastiki vilikwaruza sakafu, na mbwa wa jirani alibweka kwenye ubeti wa pili. Lakini mama alikuwemo, na hapakuwa na nyingine. Mwalimu aliipata, akaisikiliza, na akaamua kwamba ataisafisha ili abaki na mkewe bila mvua na bila mbwa. Kumpa mtu mwingine aifanye kazi hiyo hakutaka. Siku moja baada ya ibada akanivuta kando. "Wewe ulifanya kazi ya kupiga chapa huko River Road. Unapajua. Nipeleke mahali wanapofundisha watu muziki wa mashine."

Mtu huyu alikuwa ametuambia miaka nenda miaka rudi kwamba muziki huzaliwa chumbani na hufia chumbani, na kwamba kuuweka ndani ya mashine ni kama kuhifadhi harufu ya mkate kwenye chupa. Nilimtazama nikijua sipaswi kucheka. Nikampeleka. Studio ilikuwa juu ya duka la kuuza simu, ngazi nyembamba, chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoroke. Mwenye studio alikuwa mwanamke wa Kinoo, umri wa kuwa binti yake, aliyewarekodia waimbaji wengi wa injili. Alimkaribisha, "Karibu Mwalimu," naye akakataa papo hapo. "Hapana. Humu mwalimu ni wewe." Yule mwanamke akacheka. "Aii, mimi niite fundi tu. Nikiitwa mwalimu nitaanza kuogopa kukosea." Mwalimu akavua kofia, akakaa. "Mimi nimeogopa maisha yangu yote," akasema, "na bado nakosea."

Alienda huko wiki baada ya wiki, na kwa kuwa ofisi ya gazeti iko karibu, nilipita mara kwa mara kumwona. Nakumbuka alivyosumbuka na ule mdundo wa mashine unaomwekea mwanamuziki mwendo, tik, tik, tik masikioni. Alivua hedifoni na kuiweka mezani kwa adabu. "Huyu anagonga tu. Hasikilizi mtu." Fundi akasema, "Kazi yake si kukusikiza, Mwalimu. Wewe ndio unamfuata." Mwalimu akatikisa kichwa. "Basi hatutaelewana. Mimi nimezoea kufuatwa." Siku nyingine niliingia nikamkuta amesimama mbele ya spika mbili, mkono juu, akiiongoza rekodi ya kwaya yetu. Fundi alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. "Mwalimu," akamwambia taratibu, "hao hawakuoni." Akashusha mkono. "Najua. Ni mkono ndio haujui." Kisha wakacheka wote wawili, nami nikacheka, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike mama.

Lakini alijifunza. Alijifunza kuiona sauti kwenye kioo cha kompyuta, imechorwa kama meno ya msumeno, na kuondoa mvua bila kuondoa wimbo. Mbwa aliondoka. Viti viliondoka. Kisha, siku aliyobaki peke yake na mashine kwa sababu fundi alikuwa na kazi nje, akagundua kwamba kati ya meno makubwa ya msumeno kulikuwa na vijino vidogo, kabla ya kila mstari, na akavitambua. Zilikuwa pumzi. Zetu zote, sisi wezi hodari, kumbe tulikuwa tunanaswa. Mwalimu wa kwaya aliyepigana na adui huyu maisha yake yote alikuwa sasa na kisu. Alikata moja baada ya nyingine kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele, hata ile yake ya kutuingiza. Alipomaliza akahifadhi kazi yake juu ya ile ya zamani.

Alituletea Jumamosi. Aliweka spika juu ya meza ya ukumbi, akabonyeza, akarudi nyuma akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyeleta zawadi na hataki kuonekana anajali. Ilikuwa safi kama maji ya chupa. "Ghai, ni sisi kweli?" soprano mmoja akasema. "Tumekuwa kama wale wa redio." Tenori mmoja akatugeukia sisi wa nyuma. "Hata besi mmetibiwa mafua." Tukacheka. Mama mmoja wa alto, aliyesimama bega kwa bega na mke wa Mwalimu miaka yote, hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. "Mwalimu, hebu rudisha hapo mwanzo." Akarudisha. "Sasa hapa mimi niliingiaje?"

"Uliingiaje vipi?"

"Mimi nilikuwa namfuata mama. Ulikuwa unavuta wewe, halafu yeye anavuta, kile kifua chake kinalia kidogo, ndio mimi naingia. Hapa simsikii akivuta. Namsikia anaimba tu."

Mwalimu aliirudisha tena. Akainama, sikio karibu na spika. Mvua haikuwapo, mbwa hakuwapo, na sauti ya mkewe ilikuwapo, nyororo, ikitoka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akaizima. "Mazoezi yameisha," akasema, na hatukuwa tumeanza.

Jumatatu nilikuwa pale River Road fundi alipoitafuta rekodi ya kwanza, ile yenye pumzi. Alifungua kila mahali ndani ya ile mashine, akaleta na nyingine. Tenori aliyerekodi alikuwa ameshafuta yake zamani ili arekodi harusi ya dada yake. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini maji angalau huacha unyevu sakafuni. Hapa hapakuwa na alama. "Mwalimu, ulihifadhi juu ya ile ya kwanza," fundi akasema, na niliona anachagua maneno. "Ulisema nisijaze mashine," Mwalimu akajibu. "Nilisema ufute zile huhitaji." Mwalimu akaangalia mikono yake. "Nilidhani siihitaji."

Fundi alikuwa na moyo mwema, na alitaka sana kumsaidia. Akasogeza kiti. "Niko na pumzi nyingi humu, Mwalimu. Za wamama hata. Naweza kuweka moja pale na hakuna mtu atajua."

"Yule mama wa alto atajua."

"Na asipojua?"

"Mimi nitajua. Fundi, pumzi haiazimwi." Alivaa kofia yake, akafika mlangoni, nami nikadhani tumemaliza na mahali hapo. Akageuka. "Umenifundisha kukata. Wiki ijayo nifundishe kuacha."

Nimelifikiria neno hilo, kuacha, tangu siku ile ya Kangemi mpaka leo. Tunaishi katika mji unaosafishwa. Parklands na Muthangari, nyumba zile za zamani zenye miti ya jakaranda na mifereji iliyojaa majani zinaangushwa moja moja, na majumba yanayopanda mahali pao ni safi, hayana majani, na watu wake hawajui mlango wa pili una nani. Simu inakuonyesha uso wako bila makunyanzi uliyoyatafuta kwa jasho. Na kwenye mazishi yetu, jamani, ni nani aliyewahi kusikia wasifu wa marehemu aliyekuwa na hasira? Wote walikuwa wapole, wote walipenda watu, wote wanafanana. Unatoka kanisani ukijiuliza ni nani huyo aliyezikwa, maana yule uliyemjua aliazima mwavuli wako akakataa kuurudisha, na ndivyo ulivyompenda. Sisemi usafi ni mbaya. Mbwa yule alistahili kuondoka. Nasema tu kwamba anayeshika kisu hajui sawasawa anachokata mpaka mtu mwingine aulize, sasa mimi niliingiaje?

Miezi michache kabla ya kufa kwake, Mwalimu alituita ukumbini turekodi wimbo ule upya. Fundi alikuja na maikrofoni zake, akaweka moja mbele kabisa, karibu na pale Mwalimu anaposimama. "Leo mvute pumzi," Mwalimu akatuambia. "Vuteni zisikike." Tukajaribu, na hatukuweza. Tulikuwa tumefundishwa vizuri mno. Tuliingia kimyakimya kama wezi tuliozoea, na yeye akashika kiuno akitutazama. "Niliwaharibu kabisa," akasema. "Haya, imbeni kama watu waliochoka." Hapo tuliweza. Pikipiki ikapita nje ikinguruma na tenori akainuka, "Niende nimwambie azime?" Mwalimu akasema, "Mwache. Naye anakaa Muthangari." Kati ya yule mama wa alto na ukingo wa mstari kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hatukuisogelea. Tulipomaliza, fundi akauliza asafishe nini. "Usikate kitu," Mwalimu akamwambia.

Tulimuaga hapo hapo kanisani kabla hajasafirishwa kwenda Vihiga, akalale karibu na mkewe. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameamua tusiimbe. Alisema tutalia tuharibu, na alisema kweli. Tulikaa kwenye viti vyetu, fundi akiwa nyuma ya kanisa kwenye mitambo ya sauti, na mpango ulikuwa kwamba jeneza likiinuliwa atapiga ile rekodi. Wakaliinua. Fundi akabonyeza. Na kabla ya nota yoyote, kwenye spika zote za kanisa lile, juu yetu na nyuma yetu, Mwalimu akavuta hewa kwa pua, ndefu na ya taratibu.

Hakuna aliyetuambia tusimame. Kwaya nzima ilikuwa wima kabla sijajua nimeinuka, na tulivuta naye, kwa sauti, kama pampu za baiskeli, na tukaingia. Tuliimba pamoja na rekodi, sisi na sisi wenyewe wa miezi ile, na ule mngurumo wa pikipiki ukapita katikati yetu. Kwenye ubeti wa pili nilihisi sauti ya spika inapungua. Fundi, kule nyuma, alikuwa anaishusha rekodi kidogo kidogo, na uso wake umelowa, mpaka ikaisha kabisa na tukabaki sisi tu, tukimsindikiza mpaka kwenye gari. Yule mama wa alto aliniambia baadaye kwamba aliingia bila tabu. Hakusema alimfuata nani, nami sikumuuliza.

Sasa nimeketi kuandika haya, na kabla ya kila mstari najikuta nasubiri hewa ile. Haiji. Huo ndio upweke wenyewe, ndugu zangu. Si kukosa maneno ya mtu, ni kukosa kile kilichotangulia maneno yake. Kama mna mtu nyumbani ambaye kukoroma kwake au kukohoa kwake kunawaudhi, msiharakishe kumnyamazisha. Nami kwa upande wangu nimejaribu kutii. Mwalimu alikuwa mkali, alimliza binti wa watu kwa nota moja, na alimkemea mkewe kwa pumzi ambayo baadaye alikuwa tayari kutoa chochote aisikie tena. Mhariri akiniuliza kama tuyaondoe hayo, nitamjibu alivyojibu Mwalimu mwenyewe: usikate kitu.